Mche wa parachichi tunaufunika, mbwa tunamwacha kwenye sementi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme na wenye mbwa wa huku kwetu Njombe, na wa Makete pia, ambao baridi yao ndiyo iliyoizaa hii yetu. Mimi ni mlinzi wa usiku. Huu ni mwaka wa 17 nalinda yadi za mbao, na sijawahi kulinda peke yangu hata usiku mmoja. Sikuzote nimekuwa na mbwa. Mengi ya haya ninayoandika niliyaona saa tisa usiku, tochi mkononi.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani natia chumvi. Mbwa wake yeye anatafuta kivuli. Huku mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia mwezi Juni, upepo wa kusini mashariki unakuja umebeba ukungu na manyunyu, nguo inakaa kambani siku tatu haijakauka. Hiyo ni baridi ya kwanza. Ya pili ni ile ya usiku mweupe, nyota zimejaa, wingu hakuna, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alfajiri unakuta sakitu imetanda kwenye majani kama mtu amepita akinyunyiza chumvi. Maji ya mbwa niliyoyaacha kwenye sufuria jioni yameota ngozi. Ukiibonyeza kwa kidole inapasuka kama glasi nyembamba. Uwanda wa Kitulo ndio usiseme.

Na sisi wenyeji tunajua kujiandaa. Pita mashambani mwishoni mwa Mei uone miche ya parachichi ilivyofunikwa nyasi, kila mche na kajumba kake, mwenyewe amekata fito akazifunga juu kwa ustadi. Nguruwe anaongezewa matandiko. Vifaranga wanawekewa taa. Mlinzi anapewa koti, hata kama kifungo kimebaki kimoja. Anayeachwa vilevile ni mbwa, na mnyororo wake kwenye nguzo ya geti, juu ya sementi. Ukiuliza, jibu ni moja nyumba zote: mbwa ana manyoya.

Bosi wangu wa wakati ule alinijibu hivyohivyo. (Simtaji, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya, mshahara hakuchelewesha.) Nilimwambia, "Bosi, hawa mbwa wanatetemeka, tuwapigilie hata kibanda." Akasema, "Mzee, mbwa ana manyoya. Wewe ndiye huna." Vijana wa msumeno wakacheka, na mimi nikacheka, maana upara wangu naujua.

Lakini manyoya gani? Wale mbwa wa kwenye kalenda, wa nchi za baridi, wana manyoya ya aina mbili: ya nje marefu, na ndani yake mengine laini kama pamba. Huyu wetu wa kienyeji ana manyoya mafupi kama ya mbuzi, na tumboni ni kama hana kitu, ukimgeuza unaona ngozi. Sasa anapolala, tumbo hilohilo ndilo linalogusa sementi. Nayo sementi inanyonya joto usiku kucha, haishibi. Mimi nikikaa juu ya tofali dakika kumi, baridi imeshapanda kiunoni, na nimevaa suruali mbili.

Julai ya mwaka mmoja Pili akazaa. Pili alikuwa mbwa jike mwekundu, sikio moja limekatika ncha, mkali kuliko madume wetu wote wawili. Hakuna aliyejua kwamba siku zake zimefika. Au tulijua tukapuuza, niseme kweli. Jioni ile hakuja kula. Saa nane usiku nikasikia kilio chembamba nyuma ya rundo la mbao za mbili kwa sita. Nikamulika. Alikuwa amejibana kwenye upenyo kati ya rundo na ukuta, chini kwenye udongo uliolowa manyunyu, ana watoto sita. Wanne walikuwa wamemng'ang'ania wananyonya. Wawili walikuwa wameviringika pembeni, hatua moja tu, na kurudi hawakuweza. Mtoto wa mbwa siku zake za kwanza hawezi kujitunzia joto. Anaishi kwa joto la mama, akitengana naye anapoa kama chai kwenye kikombe cha bati. Hata kutetemeka hajui bado. Niliokota wa kwanza, mgumu na wa baridi kama kiazi kilichotoka kuchimbwa. Wa pili naye mdomo ulikuwa wa baridi, lakini nilipomweka sikioni nikasikia kitu kama mkwaruzo. Pili alinguruma mara moja, kisha akaniangalia tu.

Mwenzangu wa zamu ni mtu wa Pangani, Mwislamu asiyekosa swala, na kwa mbwa ana mipaka yake: mate yake ni najisi, kwa hiyo hamgusi. Nilidhani atabaki kwenye moto. Akaja. "Yuko hai?" Nikasema nadhani. Akavua kofia yake ya sufu, ile aliyofumiwa na mkewe, akanipa nimtie humo. Akapasha maji, akajaza chupa ya soda, akaizungushia kitambaa isije ikamuunguza, akaniambia niweke kofia na chupa pamoja ndani ya koti langu, mbali na moto. Kwao, alisema, mtu aliyeopolewa baharini hatupwi kwenye moto, anakaushwa kwanza na kupashwa polepole. Tukakaa hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Kulipokaribia kupambazuka yule mtoto akaanza kujinyonganyonga, halafu akanikojolea. Sijawahi kufurahia mkojo namna ile. Mwenzangu akasema kofia ni yangu sasa, na akanisimulia ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake ili mbwa mwenye kiu anywe, Mungu akamsamehe. Kofia bado ninayo.

Siku ya pili alipita afisa mifugo kwa shughuli nyingine, nikamvizia na maswali. Akanieleza kwamba joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya letu, na kwamba mbwa mkubwa akitetemeka bado ana nafuu, mwili wake unapigana. Wa kuogopa ni yule aliyekuwa anatetemeka akaacha: amelegea, anatembea kama mlevi, masikio na ufizi vimepoa. Huyo mkaushe, mfunike, mwekee chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kitambaa ubavuni na kifuani, na daktari wa mifugo atafutwe. Tangu siku hiyo, kila nikizunguka yadi, nashika masikio.

Jumamosi iliyofuata tukajenga banda, bila kumwomba bosi ruhusa wala shilingi. Lilikuwa banda la kijinga, nalieleza ili mwingine asirudie. Nililijenga kubwa, mtu mzima angeweza kuingia akakaa, kwa sababu niliona huruma ndiyo hiyo. Juu na ubavuni tukaweka mabati yaliyobaki. Ndani nikatandika blanketi langu la zamani. Usiku wa tatu nikatia mkono: bati lilikuwa linatoa jasho, matone yanadondoka ndani kama mvua, blanketi limelowa, na Pili amehamia tena nyuma ya mbao na watoto wake. Blanketi likishalowa huku kwetu halikauki, na mbwa anayelala juu yake ni sawa na aliyelala juu ya matope. Bora sementi kavu. Na pipa la chuma, ambalo naona wengi wanalikata nusu na kuliita banda, nalo ni walewale; chuma ni baridi kuliko upepo wenyewe.

Banda la pili lilikuwa la mabanzi, yale magamba ya gogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa. Yadi zote za Njombe yamejaa, ya msindano na ya mlingoti, watu wanayachoma. Nilinunua misumari nusu kilo tu. Urefu wa banda futi tatu, upana futi mbili, kimo futi mbili na nusu. Mbwa asimame, ageuke, ajikunje, basi, kwa sababu humo ndani hakuna jiko, jiko ni yeye mwenyewe, na chumba kidogo ndicho anachoweza kukipasha. (Pili na wanawe tuliwaongezea futi moja.) Mlango ni wa kupita mabega yake tu, na hauko katikati, uko upande mmoja, ili aweze kujikunja kwenye kona ambayo upepo hauifikii. Tumeuelekeza kaskazini magharibi, upepo wa kipupwe unapiga mgongo wa banda. Mlangoni nimening'iniza kiroba kilichokatwa mistari mistari; Pili alikiogopa siku mbili, siku ya tatu akakizoea.

Sakafu haigusi ardhi. Imekaa juu ya mawe manne, kiasi cha tofali moja kwenda juu, hewa inapita chini na maji ya manyunyu yanapita pia. Paa tumeliweka la mteremko; bati liko juu, sawa, lakini chini yake kuna mabanzi, na kati yao tumejaza nyasi kavu, kwa hiyo lile jasho la bati halimfikii. Fundi mmoja alishauri tupake oili chafu kuzuia mchwa. Nikakataa. Mbwa analamba kila kitu, na oili hiyo ni sumu.

Matandiko ndiyo yenye siri, na ndiyo rahisi kuliko vyote. Mabua ya ngano ukiyapata, au nyasi zilizokauka sawasawa, jaza mpaka nusu ya banda. Usiogope wingi. Mbwa ataingia atachimba, atazunguka mara tatu nne, atajitengenezea kama kiota cha ndege na kuzama humo. Hewa iliyonaswa katikati ya mabua ndiyo inayomkinga, kama vile koti la sufu linavyotukinga sisi. Tukikosa mabua tunatumia maranda makavu. Angalizo la wenye yadi: maranda ya nguzo za umeme zilizotiwa dawa yasitumike. Na vumbi la msumeno lile laini silipendi, linaingia machoni na puani. Kila Jumamosi nachukua konzi moja kutoka chini kabisa, naibana kiganjani. Kiganja kikipata unyevu, natoa yote natandika mapya. Jua likitoka naanika, viroboto wanapungua.

Najua kinachofuata, maana nimekisikia sana: ukimpa mbwa joto atalala, hatalinda. Niwaulize wenzangu walinzi, kwani mnaposinzia mnasinzia kwa sababu ya koti? Kabla ya banda, baridi ilipokolea mbwa wetu walikuwa wakichomoka chini ya geti saa tano usiku kwenda kulala kwenye majivu ya mama lishe jirani. Usiku mmoja wa Agosti zikaondoka mbao 40 za mbili kwa nne upande wa nyuma. Mimi nilikuwa mbele. Hakuna aliyebweka, kwa kuwa yadini hapakuwa na mbwa. Nilikatwa mshahara, na lile la manyoya sikulisikia tena kwa bosi. Tangu wapate banda hawaondoki, na wanasikia vilevile; sikio la mbwa halifungwi na mabua. Mtu akigusa ukuta wanatoka mbio na nyasi mgongoni.

Hao wa kwenye majivu tunawaona wote pale mjini. Jioni, mama lishe wakishazima majiko, wanakuja mmoja mmoja, wenye mabwana na wasio na mabwana, wanalala juu ya majivu ya moto. Tazama mbavu zao mchana, utaona mabaka yasiyo na manyoya. Tunadhani ni ukurutu, kumbe wengine ni alama za makaa. Wakigombania nafasi wanang'atana, na sote tunajua kichaa cha mbwa kinasafiri kwa meno. Mtu aliyempeleka mbwa wake chanjo halafu akamwacha akalale huko kila usiku, mimi simwelewi.

Habari ya jiko la mkaa nitaisema kwa ukali. Kuna mwenye huruma mmoja aliingiza jiko kwenye banda la mbwa wake na kushusha kiroba mlangoni. Moshi ule usioonekana unaua mbwa kama unavyoua watu, na huku kwetu kila kipupwe tunazika watu waliolala na jiko ndani. Joto la mbwa litoke kwenye tumbo lake. Mwezi Juni mwongezee chakula, na mpe jioni, si asubuhi, ili usiku awe na kitu cha kuchoma: dona, dagaa, utumbo kutoka machinjioni uliopikwa, si mbichi, kwa sababu ya minyoo. Maji ya uvuguvugu jioni na alfajiri, kwenye bakuli la plastiki. Mzee Chaka, dume letu ambalo miguu ya nyuma imeshakakamaa, asubuhi haamki mpaka ninywe chai naye; mimi kikombe, yeye maji ya moto yaliyochanganywa na makoko ya ugali. Nimejifunza kutomharakisha.

Na mnyororo. Kama ni lazima afungwe, uwe mrefu wa kumfikisha bandani na wa kumfikisha juani. Nimeona geti moja mtaani kwetu, banda zuri la mbao zilizopigwa randa, limepakwa rangi ya nyumba, na mnyororo unaishia hatua mbili kabla ya mlango wake.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini sikuandika kumtisha mtu kwa sheria. Ombi langu ni dogo zaidi. Kwa wenye mbwa: msisubiri mtetemeko wa Julai, jengeni Mei mnapofunika parachichi, fito zikiwa bado mkononi. Kwa mabosi wa yadi: mabanzi na maranda mnayoyachoma, ambayo moshi wake tunaula mji mzima, yawekeni nje ya geti watu wachukue. Bosi wangu wa sasa nilimwomba, akakubali bila maneno. Kila Jumamosi asubuhi yanatolewa. Anayetaka na aje na kiroba chake, na awahi, kwa sababu wafuga kuku wanafika saa kumi na mbili.

Wako,
Mlinzi wa usiku,
Njombe